Hiki Komeo

Rozina alikuwa na miaka hamsini na tatu alipojifunza kununua katuni.

Kila Jumamosi, akishauza maharage yake sokoni, alipita Majengo kwenye kibanda cha Anyelwisye, Mnyakyusa mmoja aliyekuja Sumbawanga na kompyuta moja na spika mbili, akafungua pindo la khanga na kutoa flashi. Pamoja na flashi kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Anyelwisye alikikunjua, akakisoma huku akichezesha mguu, akaanza kubofya.

"Mjukuu wako anajua anachotaka, mama."

"Anajua," Rozina alijibu. "Wewe tia."

Mjukuu hakuwa naye. Mwenye kikaratasi alikuwa mwanawe wa pekee, Valerian, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, na huyo Valerian alikuwa ndani ya chumba kimoja huko Izia, dirisha limezibwa kwa blanketi, mwaka wa pili sasa. Chooni alikwenda watu hawajaamka. Maji ya kuoga aliwekewa mlangoni, na mara nyingi yalipoa pale pale. Sahani iliwekwa, ikachukuliwa, ikarudishwa. Mama mtu, aliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili, mara ya mwisho kumwona uso mzima ilikuwa Pasaka, na si Pasaka hii, ile ya nyuma yake.

Ukitafuta sababu utaambiwa ni chuo. Alikuwa anasomea ualimu Mbeya. Siku ya kusimama mbele ya wenzake kufundisha somo la majaribio, sauti iligoma. Alisimama na chaki mkononi dakika nne. Ni dakika nne kamili, kwa sababu kuna mtu alirekodi, na ile video ikazunguka simu hadi simu mpaka wapishi wa chuo wakawa wanamwita Mwalimu Kimya. Lakini na hiyo si sababu yote. Wengine huchekwa wakacheka nao, yakaisha. Yeye alirudi nyumbani na begi na kompyuta yake ndogo, akasema anaumwa kichwa, akalala. Kesho yake akalala. Mwezi wa pili alitafuta nyundo ya marehemu baba yake, akapigilia komeo mlangoni mwa chumba chake, kwa upande wa ndani.

Kazi moja tu aliikubali, kuchambua maharage. Mama yake alisukuma sinia mlangoni jioni, asubuhi likawa limerudi, maharage yameng'aa, mawe na vumbi pembeni kwenye kikopo. Sokoni wateja walizoea. Maharage ya Mama Vale, walisema, hayavunji mtu jino.

"Hivi shoga, wewe unachambua saa ngapi?" jirani yake Marsiana alimuuliza siku moja wakirudi jumuiya. "Mchana uko kwenye ulezi, jioni uko kwenye sala."

"Usiku."

"Kwa macho hayo? Juzi ulinisalimia mimi shikamoo ukidhani ni sista!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Rozina alicheka kwa mdomo tu. Maana Marsiana hakujua, wala mtu yeyote hakujua. Mwanzoni watu walipouliza Vale yuko wapi, Rozina alisema anaumwa. Mwezi ukaisha, mtu haumwi kichwa mwezi mzima bila kupelekwa hospitali. Ndipo akatoa neno lililokuja kumponza. "Yuko Kabwe," alisema. "Kwa mjomba wake Victor, kwenye dagaa." Lilikuwa neno zuri, lisilo na maswali. Vijana kibao wa huku juu huteremka ziwani wakakaa huko miaka. Na Victor mwenyewe alishahamia upande wa Kongo, simu yake haipatikani. Wa kumuuliza hayupo.

Sasa, zile katuni. Rozina alidhani ni za watoto, na moyo ulimuuma kwamba mwanawe amerudi utotoni. Jumamosi moja ya mwezi wa tano mvua ilimfungia kibandani kwa Anyelwisye, akawa hana la kufanya ila kutazama kioo cha kompyuta. Kulikuwa na kijana amechorwa, macho makubwa, nywele zimemfunika. Amekaa kitandani. Mbele ya mlango wa chumba chake kuna sinia la chakula sakafuni.

"Huyo amefanyaje?" Rozina aliuliza.

"Huyo? Hatoki ndani, mama. Hii si ile ya kupigana na kurusha moto. Wateja wananirudishia, wanasema Anyelwisye umetuuzia usingizi. Tazama, sehemu nzima hii, dakika ishirini, jamaa anavaa viatu aende dukani. Anavaa, anavua. Anavaa, anavua. Basi, imeisha."

"Kafika dukani?"

"Wapi! Kaishia kwenye kapeti."

Kwenye kioo mwanamke wa kuchorwa alikuja na sinia jingine. Alilitua, akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye mlango wa mwanawe. Mvua ilipiga bati. Rozina alihisi mtu amemvua nguo sokoni.

"Huko Japani wako wengi wa namna hii," Anyelwisye aliendelea, hana habari. "Si wavivu, si wendawazimu. Mtu anajifungia tu, miaka. Mpaka wana jina lao. Hikikomori."

"Hiki nini?"

"Hi-ki-ko-mo-ri."

"Hiki komeo?"

Anyelwisye alicheka akapiga meza. "Haya mama, hiki komeo! Umelipata."

"Lakini ni hili komeo, si hiki komeo."

"Wajapani hawajui ngeli, mama, wasamehe."

Alirudi Izia kwenye matope akilirudia neno lile njia nzima asilipoteze. Alipofika hakuvua hata viatu. Alikaa sakafuni, akaegemeza mgongo mlangoni kama yule mama wa kwenye kioo, akasema, "Vale, baba. Kumbe una hiki komeo."

Kutoka ndani ikaja sauti ambayo hakuisikia mwaka mzima, ya mwanawe kucheka. Ilikuwa imekauka, inakwaruza, lakini ilikuwa kicheko.

"Si hivyo, mama. Ni hikikomori."

"Ndiyo nilivyosema. Hiki komeo."

"Sawa," alisema Vale. "Hiki komeo."

Tangu siku hiyo walizungumza. Si kila siku, na si sana. Mlango uko katikati, mgongo wa mama huku, na Rozina alikuja kutambua kwamba na huko ndani kuna mgongo umeegemea. Ndivyo alivyojua habari za zile dakika nne. Ndivyo alivyoambiwa pia kwamba mtu akikaa sana peke yake, sauti za watu barabarani huwa kama zinamsema yeye. "Hata wakiuza vitunguu?" mama aliuliza. "Hata wakiuza vitunguu," Vale alijibu. Kwenye kikaratasi cha Jumamosi iliyofuata aliandika: ile ya viatu, kama ina muendelezo.

Mwezi wa sita upepo ulivuruga ziwa. Habari zikapanda kutoka Kabwe kwamba boti la dagaa limepinduka, watu wanne hawajaonekana, majina hayajulikani vizuri. Hazikupita siku mbili jumuiya nzima ilikuwa sebuleni kwa Rozina. Walikuja na mkeka, unga, sukari. Marsiana alikuja akilia tangu njiani.

Hapo ndipo pa kusema. Rozina alifungua mdomo. Lakini utasemaje? Kwamba mwaka mzima umewadanganya, hata mbele ya Sakramenti, na anayeliliwa yuko nyuma ya mlango huo mnaouegemezea mwavuli? Alifunga mdomo. "Sina habari yoyote," alisema, na wao wakalichukua kama neno la mama aliyekata tamaa. Wakapiga magoti. Rozari mafungu matano, litania, na mwisho mtu mmoja akaingiza na sala ya kuwaombea marehemu, akakanyagwa mguu na wenzake, lakini ilikuwa imeshatoka.

Walipoondoka Rozina alienda mlangoni.

"Vale?"

"Wameniombea vizuri," ilisema sauti ya ndani. Baadaye ikaongeza, "Waache tu, mama. Imekuwa rahisi."

Neno hilo rahisi lilimkaa Rozina kifuani kama tonge lisiloshuka. Alijiapiza kwamba atasema ukweli Jumapili. Jumapili ikapita. Ikapita na nyingine.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, mchana wa jua kali na baridi yake ile ya Ufipa inayokata masikio. Rozina alikuwa anatoka Majengo, flashi kwenye pindo, na ndani yake sehemu mbili mpya za kijana wa viatu. Alipofika kwenye kona ya mashine ya kusaga alisikia kelele, akadhani kuna mwizi. Hatua kumi mbele akaona wako uani kwake.

Walikuwa wengi. Wamekanyaga turubai la maharage yaliyoanikwa. Marsiana alikuwa chini, kitambaa kimemvuka kichwani, anasimulia kwa mara ya tano au ya sita.

"Nilikuja kuazima ungo! Nikapiga hodi, kimya, nikaingia, ni kwa shoga yangu! Jamani! Mkono! Umetoka mlangoni, mweupe kama uliolowekwa, kucha hizi hapa, ukavuta sahani! Nikamwona na uso nusu! Ni Valerian! Valerian tuliyemwombea!"

"Msukule," mtu alisema.

Lilikuwa limesemwa tayari mara nyingi, ila Rozina ndiyo alikuwa analisikia mara ya kwanza, na lilimpita mwilini kama maji baridi. Alijua maana yake kama kila aliyezaliwa huku anavyojua. Ni mtu aliyedhaniwa amekufa, kumbe mchawi kamficha, kamkata ulimi asiseme, anamlisha pumba na kumfanyisha kazi gizani. Alijua pia walivyofanywa wanawake waliotajwa kuwa nao.

"Ndiyo maana maharage yake hayana jiwe!" alipiga kelele mwanamke wa genge la tatu. "Nilisema mimi! Nani asiye na msaada akachambua gunia zima?"

"Kamtoa kafara mwanawe wa pekee!"

"Na sukari yetu akala!"

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa na jiwe mkono mmoja na simu mkono mwingine. Mbele ya mlango wa nyumba alisimama Fabiani, balozi wa nyumba kumi, dereva mstaafu wa greda, amenyoosha mikono kama anazuia ng'ombe. Alipomwona Rozina alimvuta kando yake.

"Mama Vale. Ndani yuko nani?"

"Valerian."

Ua mzima uliguna.

"Hajafa!" Rozina alisema. "Kabwe hakwenda. Nilidanganya."

Marsiana aliinua uso kutoka pale chini. Sauti yake ilishuka ghafla, na hiyo ndiyo iliyomkata Rozina kuliko kelele zote. "Ulidanganya hata kwenye rozari, shoga? Mimi nililia mpaka nikatapika."

"Nilidanganya hata hapo."

"Anaumwa nini basi?" Fabiani aliuliza haraka. "Sema wasikie. Ana ugonjwa gani?"

Rozina alitafuta neno. Neno alikuwa nalo moja tu.

"Hiki komeo," alisema.

"Nini?"

"Hiki komeo. Wajapani ndivyo wanavyouita. Mtu anajifungia..."

"Anatamka maneno ya uganga!" mtu alilia nyuma, na jiwe likapita juu ya kichwa cha Fabiani likagonga ukuta.

"Komeo liko ndani!" Rozina alipiga kelele. "Nendeni mkatazame mlango! Mtu aliyefichwa hujifungia mwenyewe kwa ndani? Katazameni!" Lakini hapakuwa na mtu wa kutazama komeo. Mtu mwingine alikuwa ameshauliza bodaboda yupi ana petroli.

Fabiani aliinamisha mdomo sikioni mwake. "Dada yangu, nisikilize. Nimepiga simu kituoni, watakuja, lakini hawa hawatawangoja. Mtoe. Aonekane, aseme jina lake, atoe ulimi wauone. Dakika moja. Asipotoka wataichoma nyumba naye akiwa humo, na wewe hutafika kwenye geti."

Rozina aliingia peke yake. Alikaa mahali pake, mgongo mlangoni. Kelele za nje zilikuwa zinaingia zote.

"Unawasikia, Vale."

"Nawasikia."

"Wanataka kukuona."

"Siwezi, mama." Sauti ilikuwa inatoka chini kabisa, karibu na sakafu. "Nimejaribu tangu walipoanza. Siwezi."

Alitaka kumwambia wataniua. Lilikuwa kweli, na lingeweza kumtoa, au lingeweza kumfanya afanye jambo jingine humo ndani. Akalimeza.

"Vaa viatu," alisema.

Aliegemeza kisogo mlangoni.

"Vaa tu. Ukishindwa unavua. Yule si alikuwa anavaa anavua?"

Jiwe lilitua juu ya bati, likabingirika taratibu hadi kwenye mfereji. Halafu Rozina alisikia boksi likivutwa kutoka uvunguni.

"Kamba zinagoma, mama. Mikono."

"Polepole. Hata hukupata kuzijua vizuri kamba, tangu darasa la kwanza."

Komeo liliteleza.

Alitoka mtu mrefu kuliko alivyomkumbuka, amekonda, nywele zimesokotana, ndevu zimeota zinavyotaka, uso hauna jua. Shati la chuo. Viatu vyeusi vya chuo. Alinuka, na Rozina hakujali. Alimshika mkono, wakapita sebuleni, wakatoka uani.

Mwanga ulimpiga Vale akafunika macho kwa kiwiko. Watu walirudi nyuma wote pamoja, wakakanyagana. Jamani, kama kuna sura ya msukule ambayo kila mmoja aliwahi kusimuliwa na bibi yake, ndiyo hiyo ilikuwa imesimama pale juani.

"Jina lako nani, kijana?" Fabiani aliuliza kwa sauti ya kiserikali.

Vale alifungua mdomo. Rozina aliona koo likipanda na kushuka, kupanda na kushuka. Akajua. Ni zile dakika nne.

"Jina lako!"

"Hana ulimi! Si mnaona? Amekatwa!"

Yule wa bodaboda alinyanyua mkono wa jiwe.

"Toa ulimi, Vale," Rozina alisema. "Kama kwa daktari. Toa, baba."

Vale alitoa ulimi. Fabiani alivaa miwani, akasogea, akatazama kulia, akatazama kushoto, kwa uangalifu ule ule aliokuwa akikagulia matairi.

"Ulimi upo," alitangaza. "Mzima. Mrefu tu."

"Huku hatujaona!"

"Mgeuze!"

Wakamgeuza. Akatoa ulimi upande wa mashine ya kusaga, akatoa upande wa barabara, akatoa tena kwa waliochelewa, macho yamefumbwa, machozi ya mwanga yanamtiririka. Na hapo mtu wa kwanza akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetoka kuogopa. Kikashika kama moto wa majani.

"Kumbe mzima! Mvivu tu!"

"Mama Vale anafuga dume ndani!"

"Na ndevu hizo, beberu wa Krismasi!"

"Toa tena, mshikaji, sikuipata vizuri!" alisema yule wa bodaboda. Jiwe alishalitupa. Simu ndiyo ilikuwa juu.

Waliokuwa na mawe waliyaachia chini kwa aibu, wakipangusa viganja kwenye suruali, wanacheka. Marsiana alicheka huku analia. Fabiani alicheka, jasho linamtoka kwenye baridi. Na Rozina, Mungu amsamehe, Rozina naye alicheka. Pumzi ilikuwa imerudi, nyumba haichomwi, mwana yuko hai mbele ya watu, kicheko kilimtoka kabla hajajua ni chake.

Vale alifumbua macho, akamwona.

Alirudisha ulimi, akageuka, akapita katikati ya sebule bila kukimbia. Rozina alisikia komeo.

Sahani ya jioni ile haikuguswa. Jumapili haikuguswa. Alikaa mgongo mlangoni, akasema maneno yote aliyokuwa nayo, akasoma hata majina ya katuni kutoka kwenye vikaratasi vya zamani alivyokuwa amevitunza. Hakusikia mgongo upande wa pili. Jumatatu alisukuma sinia la maharage mlangoni, likabaki pale pale na vumbi lake. Jumanne asubuhi alienda kwa Fabiani, naye akaja na mtaimbo, peke yake, hakuita mtu.

Mlango ulivunjika kwa mapigo manne. Valerian alikuwa amelala ameelekea ukutani, midomo imepasuka, hai. Viatu vilikuwa miguuni bado. Kamba zilifungwa fundo juu ya fundo, za mtu ambaye mikono yake haikuwa yake, na Rozina alipiga magoti akazifungua moja moja kwa meno.

Hospitali walimtundikia dripu, wakamkalisha siku tatu. Daktari, binti mpole, alimwambia Rozina kwamba mwili utarudi, lakini hili jingine linataka mtaalamu wa kukaa naye na kuzungumza naye muda mrefu. Yupo Mbeya. Vale aliposikia Mbeya aligeukia ukuta. "Tutajaribu baadaye," alisema daktari, akaandika kitu. Rozina aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye pindo pamoja na flashi.

Nyumbani chumba hakikuwa na mlango. Rozina alitundika khanga. Lakini khanga ni khanga. Watoto wa jirani walichungulia, wakatoa ndimi, wakakimbia. Watu wazima walikuja kumjulia hali wakimtafuta machoni, eti sasa wamezoeana. Vale alilala na blanketi usoni mchana kutwa. Hakusema. Hakuchambua.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Rozina alipita kwa Anyelwisye bila kikaratasi. Naye hakumtazama usoni.

"Mama, ile video ya ulimi. Kila anayeniletea simu kutia nyimbo, nikiikuta naifuta kimyakimya. Lakini imeshafika Mpanda, nakwambia ukweli."

"Asante, mwanangu."

"Na ile ya viatu imefika mwisho. Sehemu ya kumi na mbili."

"Anatoka?"

"Anafungua mlango. Mama yake amesimama nje. Wanatazamana. Inaishia hapo."

"Majirani?"

"Majirani hawapo, mama. Hawakuwachora."

Rozina alitikisa kichwa. "Basi na waliomchora hawajui," alisema. Hakuichukua.

Alipitia kwa Jafeti, fundi seremala, na jioni Jafeti alikuja Izia na mlango mgongoni kwenye baiskeli. Fabiani alikuja kumshikia. Marsiana naye alikuja, ameshika ungo wenye unga wa ulezi, amesimama mbali kidogo, hajui mikono aiweke wapi. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ile.

"Komeo nalitia nje, si ndiyo, mama?" Jafeti aliuliza, misumari mdomoni.

"Nje," alisema Fabiani. "Aliponea chupuchupu yule."

"Litie nje, shoga," Marsiana alisema taratibu. "Umtazame unavyotaka. Asije akakufia."

Rozina aliwatazama wote watatu. Nyuma ya khanga palikuwa kimya, ila ni kimya cha mtu anayesikiliza. Hicho alishajifunza kukitambua.

"Ndani," alisema.

"Mama Vale..."

"Anayefungiwa kwa nje ndiye yule mliyekuja kumtafuta. Huyu ni mwanangu. Litie ndani." Kisha akamsogelea Jafeti, akamnong'oneza, "Lakini misumari iwe mifupi. Ya kusukumwa na bega langu."

Jafeti alimtazama, akatema misumari mirefu kiganjani, akachagua mingine.

Walipoondoka, Vale alisimama, akaja hadi mlangoni na blanketi lake, akaufunga. Komeo likaingia. Rozina alileta sinia, akakaa chini, mgongo kwenye mbao mbichi zinazonuka randa, akaanza kuchambua maharage mwenyewe. Macho hayakumsaidia. Alitoa mawe aliyoweza kuyahisi kwa vidole, na mengine hakuyahisi.

"Nilicheka," alisema hatimaye. "Uliniona nikicheka. Sikuwa nakucheka wewe. Lakini nilicheka."

Jua lilihama sebuleni, likafika kwenye mguu wa meza, likaondoka. Halafu komeo likasogea. Lilitoka, likaingia. Likatoka, likaingia. Mtu alikuwa analijaribu, anapima limeshika kiasi gani.

"Misumari ni mifupi, mama," ilisema sauti, karibu haisikiki.

"Najua."

Alingoja aambiwe aweke mirefu. Hakuambiwa.